"Si bure huyu": daktari wa michezo anamjibu shabiki wa baiskeli

*"Daktari, shikamoo. Nimekuwa shabiki wa mbio za baiskeli tangu enzi za Lance Armstrong, yule Mmarekani wa Tour de France, hadi bangili yake ya njano nilivaa. Alipokiri kutumia dawa zilizokatazwa, nilikaa miaka bila kutazama. Aliyenirudisha ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, kisha nikasikia amekutwa na dawa ya pumu kupita kiasi. Septemba 2025 nilipanda basi kutoka Bukoba hadi Kigali kutazama mashindano ya dunia. Nilisimama Kimihurura, kwenye kile kilima cha barabara ya mawe. Tadej Pogačar, bingwa wa sasa hivi, alipopita peke yake, jamaa aliyekuwa ubavuni kwangu akasema, 'Si bure huyu.' Nilikuwa nimeshainua mikono nishangilie, nikaishusha. Niambie ukweli: kama wanapimwa dawa kila siku, mbona bado hatuwaamini? Na kama hawaaminiki, si waruhusiwe wote yaishe? Tena, mpwa wangu wa miaka 19 anaendesha baiskeli Arusha, na kwenye begi lake nimekuta kichupa cha sindano ambacho anasema ameambiwa 'kinaongeza damu'. Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu. Swali la mpwa wako umelifunga mwishoni kama kifurushi kidogo, lakini ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine. Mpigie leo hii umwambie asijidunge tena mpaka aonwe na daktari. Kichupa nitakirudia. Kwanza nikueleze kitu cha namna hiyo hufanya nini mwilini, maana ukikielewa utaelewa pia kwa nini mikono yako ilishuka pale Kimihurura.

Tuanze na jina. Redioni na magazetini tunasema "dawa za kusisimua misuli", na jina hilo limetupotosha kwa miaka mingi. Ukilisikia unamfikiria mtu aliyetuna kifua. Mpanda milima wa Tour de France ana mikono myembamba kama ya mtoto wa darasa la nne. Zipo dawa zinazosisimua kweli: Tom Simpson, Mwingereza, alianguka na kufa kwenye mlima Ventoux tarehe 13 Julai 1967, katika joto kali, mwilini mwake mkiwa na amfetamini na pombe. Lakini dawa iliyoupindua mchezo huu haigusi misuli kabisa. Inagusa damu.

Misuli hutaka oksijeni, na oksijeni hubebwa na chembe nyekundu za damu. Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo eritropoietini, kwa kifupi EPO. Homoni hiyo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuagiza utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana mtu wa pwani akikaa milimani wiki kadhaa, damu yake huongezeka bila kudungwa kitu. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hukosa homoni hiyo, damu ikapungua, akahema kwa kupanda ngazi tatu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya dawa viliweza kuitengeneza EPO nje ya mwili, na wagonjwa wa namna hiyo wakaanza kwenda sokoni kwa miguu yao. Ni dawa njema sana, mimi mwenyewe nimeiandikia watu. Haikuchukua muda, waendesha baiskeli nao wakaiona.

Miaka ya 1990 hakukuwa na kipimo cha kuitambua. Kilichowezekana ni kupima hematokriti, yaani katika damu yako yote, asilimia ngapi ni chembe nyekundu. Mwanamume mwenye afya huwa kati ya 40 na 50 hivi. Basi mwaka 1997 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaweka kikomo cha 50 kwa wanaume: ukizidi unapumzishwa siku 15, kwa ajili ya afya yako, hakuna anayekuita mwizi. Unajua kilichotokea? Kikomo kikageuka shabaha. Timu zikabeba mashine ndogo za kuzungusha damu hadi hotelini, ili kila mtu ahakikishe yuko 49 na si 51.

Hapo hapo pana jibu la swali lako la "waruhusiwe wote yaishe". Nimelisikia mara nyingi, hata kwa madaktari wenzangu, na linavutia kwa sababu linaonekana la haki. Chukua waendesha baiskeli wawili. Mmoja kazaliwa na hematokriti ya 41, mwingine 47. Waruhusu wote wafike 50. Wa kwanza ameongeza zaidi ya moja ya tano ya chembe alizokuwa nazo, wa pili ameongeza kama asilimia 6 tu. Yule aliyejaliwa na Mungu ndiye aliyepoteza, na mshindi ni yule ambaye mwili wake ulikuwa na nafasi kubwa ya kujazwa, au mwenye daktari hodari na pesa za kumlipa. Ukiondoa hicho kikomo cha 50 ndiyo balaa zaidi, kwa sababu damu ikizidi kuwa nzito moyo unasukuma uji badala ya maji, na kijana mwenye kiu ya ushindi hana breki. Halafu fikiria wa miaka 17 anayetaka kuingia kwenye timu. Ukiruhusu kwa wakubwa, umemlazimisha yeye.

Sasa vipimo. Umesema wanapimwa kila siku. Katika Tour, mshindi wa siku na mwenye jezi ya njano, yaani anayeongoza mbio nzima, hupimwa kila siku, kweli, na wengine huchaguliwa. Nje ya mashindano, wale wakubwa hulazimika kutaja saa moja ya kila siku na mahali watakapokuwa. Ukikosekana au kukosea taarifa zako mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa kama la kukutwa na dawa.

Nimekaa kwenye chumba cha vipimo, na nikuambie hakina heshima yoyote. Mtu ametoka kuendesha baiskeli kwa muda wa saa tano, mdomo umekauka, chumvi imeganda shavuni, na kijana mmoja anamfuata unyounyo tangu mstari wa mwisho asimpoteze machoni. Anaingia chooni, anapandisha jezi hadi kifuani, anateremsha kaptula hadi magotini, na mimi nasimama natazama mkojo ukitoka mwilini mwake na si kwenye mfuko uliofichwa. Tunataka mililita 90. Kuna aliyenitolea 40 akashindwa, tukakaa naye tukinywa maji kimya karibu saa mbili, yeye akitazama ukuta. Kisha mwenyewe, kwa mikono yake, anagawa mkojo kwenye chupa A na chupa B, anafunga mpaka kifuniko kigome. Maabara haioni jina lake, inaona namba.

Pamoja na ukali wote huo, majibu yakirudi hayasemi "msafi". Yanasema hakuna kilichoonekana katika mkojo huu wa saa hii. EPO ya kudungwa hupotea mwilini haraka, ilhali chembe ilizozizalisha hubaki kazini kwa takriban siku 120. Yaani mjenzi ameshaondoka, nyumba imebaki. Tena kipimo cha EPO kwenye mkojo kilianza kutumika mwaka 2000. Ushindi wa kwanza wa Armstrong kwenye Tour ulikuwa 1999. Mkojo wake wa mwaka huo ulipopimwa baadaye kwa ajili ya utafiti, gazeti la Ufaransa la L'Équipe likaripoti Agosti 2005 kwamba EPO ilikuwamo. Kwa hiyo aliposema miaka ile kwamba amepimwa mara nyingi kuliko mtu yeyote, hoja yake ilikuwa inatuambia habari za vipimo, haikutuambia habari zake.

Kilicholeta nafuu ni pasipoti ya kibayolojia, iliyoanza mwaka 2008. Hii haitafuti dawa, inatafuta nyayo. Damu ya mtu huyo huyo huchukuliwa mara kwa mara kwa miaka, na wataalamu hutazama wingi wa hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, pamoja na idadi ya chembe changa, zile zilizotoka kwenye uboho siku moja mbili hizi. Mwili haujui kudanganya vizuri. Ipo hila ya kumtoa mtu damu na kumrudishia baadaye; ukimrudishia damu yake aliyoihifadhi kwenye mfuko, uboho unaona mzigo umetosha, unapunguza kazi, na chembe changa zinakuwa chache kuliko kawaida yake. Vilevile, mbio za wiki tatu huongeza maji ya damu, hivyo hemoglobini ya mtu wa kawaida hushuka kadiri siku zinavyokwenda. Ikikaa palepale kama iliyopigiliwa msumari, tunainua nyusi. Udhaifu wake ni kwamba anayeiba kwa kijiko badala ya ndoo anaweza kubaki ndani ya mistari, na kambi ya mazoezi milimani huchora mistari inayofanana na ya udanganyifu. Wizi umekuwa mdogo na mgumu kuliko zamani. Haujawa muhali.

Ila kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawaliangalii. Kashfa nyingi kubwa za mchezo huu hazikuibuliwa na maabara. Festina, Julai 1998: maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la Willy Voet, mhudumu wa timu, mpakani na Ubelgiji, likiwa limejaa dozi za EPO na homoni nyingine. Operación Puerto, Mei 2006: polisi wa Hispania walivamia nyumba na ofisi Madrid, wakakuta mifuko ya damu ya Dokta Eufemiano Fuentes. Armstrong, Oktoba 2012: wenzake waliapa na kusema, shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo likachapisha, na Januari 2013 akakiri mbele ya Oprah Winfrey. Aderlass, mkasa wa kurudishiana damu, 2019: polisi tena, na daktari wa Kijerumani akafungwa. Mpakani, mlangoni, mdomoni. Maabara ilifuata nyuma.

Ndiyo maana mimi sihesabu dakika za kupanda mlima ili nimjue mdanganyifu. Natazama mchezo unawatendea vipi wanaosema. Tour ya 2004, siku ya 18: Filippo Simeoni, Mwitaliano asiye na tishio lolote kwa mtu, aliondoka kuwafuata waliokuwa mbele. Alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya Michele Ferrari, daktari aliyeshirikiana na Armstrong. Armstrong, mwenye jezi ya njano na ushindi karibu mfukoni, akamfukuzia yeye mwenyewe. Wale wa mbele wakamsihi Simeoni arudi nyuma, kwa sababu Armstrong akibaki pale hawatoki. Akarudi. Mbele ya kamera, mwenye jezi ya njano akapitisha vidole mdomoni kama anayefunga zipu. Nilikuwa natazama siku ile. Na mimi nilikuwa na bangili, tena feki ya Kariakoo, na nilicheka nikidhani ni utani wa wanaume. Bado ninayo kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa. Mara nyingine naitazama.

Kwa hiyo aliyekuwa ubavuni kwako Kigali hakuwa mjinga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini "si bure" yake haina uzito wa ushahidi, kama vile "hajawahi kukamatwa" isivyo na uzito wa hati ya usafi. Tadej Pogačar hajawahi kupatikana na kosa la dawa, na mpinzani wake mkubwa, Jonas Vingegaard, vilevile. Hilo liandikwe wazi. Ni kweli kwamba Julai 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille, Pogačar aliupiku muda wa 1998 wa Marco Pantani, mshindi wa Tour mwaka huo, kwa zaidi ya dakika tatu, na kipindi cha Pantani, enzi za EPO, tunakijua kilivyokuwa. Zipo sababu za halali. Zamani mtu alikula gramu 60 hivi za wanga kwa saa akiwa njiani, leo wapo wanaokula 120, na tofauti hiyo unaiona saa ya tano wenzake wanapokauka. Matairi, jezi, magurudumu, mazoezi yanayopimwa kwa wati, hata mwendo wa siku hiyo kabla ya mlima kuanza, vyote vina fungu lake.

Naziamini sababu hizo. Kinachonizuia nisilale usingizi wa pono ni kwamba enzi za Armstrong pia tulipewa sababu, na baadhi zilikuwa za kweli: alizungusha pedali haraka kuliko wengine, alifanya mazoezi kuliko wengine. Ukweli unaweza kuvishwa juu ya uongo kama kanzu. Tena mipaka yenyewe husogea. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba timu kadhaa kubwa, zikiwemo za hao wawili, zilitumia mashine ya kuvuta hewa ya monoksidi ya kaboni, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, ila kwa kiasi kidogo. Walisema ni kwa ajili ya kupima damu baada ya kambi za milimani, na kipimo hicho kipo kweli, kinajulikana. Tatizo ni kwamba ukiivuta mara kwa mara, mwili unaweza kudhani uko mlimani ukaongeza damu. Hakukuwa na kanuni iliyovunjwa. Februari 2025 UCI ikapiga marufuku kuwa na gesi hiyo nje ya vituo vya tiba. Mimi naona walichelewa, lakini walifanya bila kusubiri maiti, tofauti na zamani.

Kuhusu Froome, nirekebishe kidogo. Salbutamoli, ile dawa ya kuvuta ya pumu, haikukatazwa, ina kiwango. Kwenye Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ya 2017 mkojo wake ulionyesha nanogramu 2,000 kwa mililita, kiwango kikiwa 1,000. Julai 2018 UCI ikafunga shauri bila adhabu, kwa kufuata msimamo wa shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, kwamba kiasi hicho kinaweza kufikiwa bila kukiuka kanuni. Kitaalamu inawezekana, mkojo wa mtu aliyekaukiwa maji ni mzito na vilivyomo huonekana vingi. Mashabiki waliuliza mbona Diego Ulissi, Mwitaliano aliyekutwa na dawa hiyo hiyo, alifungiwa miezi tisa kwa nanogramu 1,900 mwaka 2014, na mimi sina jibu zuri kwao. Mwenye mawakili wengi hupata haki iliyonyooka zaidi, hata mahakamani Kisutu ni hivyo. Lakini kumwita Froome mwizi kwa jambo lile ni kumwonea.

Sasa ile mikono yako. Unaweza kushangilia na kubaki na shaka; hujaitwa kuwa hakimu wala wakili wa mtu. Nikiwa natazama, nampigia makofi aliyeko mbele, na nabaki na swali langu mfukoni. Mchezo huu una watu 150 na zaidi barabarani. Kigali walianza wengi hivyo, na baada ya kilomita zaidi ya 260 walimaliza 30 tu, na nadhani wewe uliyekuwa kwenye mawe uliziona sura za waliokuwa wanapambana kumaliza ambazo sisi wa televisheni hatukuziona.

Turudi kwenye kichupa. Huenda ni EPO, huenda ni chuma, huenda ni vitamini B12, huenda ni maji ya chumvi yaliyobandikwa lebo. Kama ni EPO, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye begi kwenye joto huenda imeshaharibika. Ikiwa nzima, hatari ni damu kuwa nzito na kuganda, hasa usiku mtu amelala na mapigo yameshuka, tena akiwa hajanywa maji ya kutosha. Chuma kikizidi hujikusanya kwenye ini. Na sindano ya kushirikiana na wenzake ni njia ya VVU na homa ya ini, jambo ambalo vijana wa baiskeli hulisahau kabisa wakidhani haliwahusu wanamichezo. Hata kama ni vitamini tupu, tangu 2011 kanuni za UCI zinakataza kujidunga sindano bila sababu ya tiba, kwa hiyo aliyempa anamharibia afya na leseni kwa pamoja.

Akiwa na maumivu ya kifua, kuhema ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma kusiko kawaida, au upande mmoja wa mwili kulegea, asisubiri kesho, aende idara ya dharura saa hiyo hiyo na aseme wazi amejidunga nini. Kama hana dalili hizo, ndani ya siku mbili tatu aende hospitali ya mkoa apimwe picha kamili ya damu, feritini (akiba ya chuma mwilini), ini, shinikizo la damu, VVU na homa ya ini. Daktari hatampeleka kwa viongozi wa mchezo. Siri ya mgonjwa ni siri. Kumbe huenda hata damu haijapungua, kachoka tu kwa sababu halali vizuri na anakula mlo mmoja.

Usianze naye kwa hasira, na usianze na polisi wala kocha. Muulize kwanza ni nani aliyempa, kwa sababu huyo ana vichupa vingine na vijana wengine. Ukiweza, nenda naye. Hicho kichupa msikitupe. Kifungeni kwenye mfuko wa plastiki, mbali na watoto, aende nacho. Atakayempima atataka kusoma lebo.